Mwalimu naomba ruhusa

Mwaka 2017 nilikuwa na darasa la nne kwenye shule moja ya msingi huku kwetu Mwanza, na mkondo wangu ulikuwa na watoto 134. Naitaja hiyo namba ili uone chumba kilivyokuwa, maana elimu bila malipo ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma, 2016, watoto wakamiminika shuleni na kwakweli lilikuwa jambo la heri, waliokuwa wanashinda machungani wakaja kusoma, ila vyumba vilibaki vilevile na walimu walewale. Dawati la watatu wanabanana watano, waliokosa wanakaa chini mpaka miguuni kwa mwalimu, ukitaka kwenda nyuma kusahihisha daftari inabidi uruke magoti ya watu. Darasa la namna hiyo akinyanyuka mmoja kwenda chooni ghafla nusu ya darasa imebanwa. Kwahiyo nikajiwekea sheria, kipindi kikianza hakuna kutoka, mkojo unasubiri kengele.

Kulikuwa na binti mmoja anakaa upande wa dirishani. Umri wake ulikuwa miaka kumi ila ukimtazama ungesema saba, miguu myembamba, tumbo limetokeza kidogo, na macho yake yalikuwa ya njano. Hayo macho niliyaona. Nilikuwa nayaona kila siku nikiita majina, na wala sikuwahi kujiuliza kitu, nilijua tu huyu ndo alivyo. Alikuwa anakuja na chupa ya soda ya lita moja na nusu imejaa maji, anaiweka chini ya dawati, anakunywa kidogo kidogo, na kila baada ya muda mkono juu. Mwalimu naomba ruhusa. Nikimkatalia anakaa, baada ya dakika kumi mkono tena. Mwalimu naomba ruhusa.

Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake, unakunywa maji kama samaki halafu unataka kutwa nzima uzurure huko nje, leo hutoki. Darasa likacheka. Aliomba mara tatu siku hiyo na mara tatu nilikataa, na ya tatu hata sikugeuka, nilikuwa naandika ubaoni. Nikasikia watoto wa nyuma wanapiga kelele wanasogeza madaftari. Nilipogeuka sketi yake ilikuwa imelowa na maji yanatiririka chini ya dawati kuelekea kwa waliokaa sakafuni. Hakulia. Alichukua daftari lake akaliweka juu ya sketi pale palipolowa, akainama, akaendelea kunakili kutoka ubaoni. Watoto mia na kitu wanamcheka yeye ananakili.

Nilimrudisha nyumbani akabadilishe nguo na nikamwambia kesho uje na mzazi. Mama yake alikuja, kajifunga kanga, kasimama mlangoni hakutaka hata kuingia ndani, akaniambia kwa sauti ya chini, mwalimu huyu mtoto ana tatizo la damu. Nilikuwa na madaftari mkononi na kengele imeshalia. Nikamjibu kama ni mgonjwa mpelekeni hospitali mama, hapa ni darasani. Akasema sawa mwalimu, asante mwalimu. Muhula uliofuata binti hakurudi, na kwenye rejista nikaandika amehama.

Nimeanza na hii kwa sababu kila nikitaka kuandika habari za mwanangu naona siwezi kuziandika bila kuanza na mtoto wa yule mama.

Mwanangu wa pili alizaliwa 2019. Amerithi jina la baba mkwe kwahiyo hapa nyumbani tunamwita Babu, na dada yake aliyemtangulia kwa miaka minne tunamwita Dada tu. Babu alizaliwa na kilo tatu na nusu, anacheka, ananyonya vizuri, miezi sita ya kwanza hatukuona hospitali zaidi ya chanjo. Baadae ndo nikaja kuelewa kwanini, kumbe mtoto akizaliwa anakuwa bado na ile damu aliyokuwa nayo tumboni kwa mama yake, inamlinda miezi ya mwanzo, halafu inapungua taratibu na damu yake mwenyewe inashika nafasi, hapo ndo ugonjwa unajitokeza. Kwetu ulijitokeza akiwa na miezi saba. Aliamka asubuhi viganja na nyayo zimevimba kama mkate wa kumimina, ukimgusa anapiga kelele, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto. Tukaambiwa labda kaangushwa. Nikamkalisha dada wa kazi nikamhoji kama polisi, binti wa watu analia anaapa kwa Mungu hajamwangusha, na mimi nikamwambia afungashe nguo zake aende kwao.

Alikuwa hajamwangusha.

Ikawa ni zahanati, kituo cha afya, zahanati. Leo malaria, kesho mkojo mchafu, keshokutwa kifua. Akaongezewa damu mara mbili. Jirani akanishauri nimpeleke akachanjwe chale maana hilo ni jicho la mtu, na sitasema uongo, nilifika mpaka kwenye uwanja wa huyo mzee, mtoto mgongoni, baba yake ndo alinifuata na bodaboda akanirudisha. Babu akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili daktari mmoja kijana akamvuta kope la chini akatazama, akabonyeza tumbo upande wa kushoto, akauliza mmewahi kumpima selimundu. Majibu yalitoka, akatuchorea kwenye karatasi. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa ni ya mviringo na inaishi kama siku 120, ya mwenye selimundu inapinda kama mundu wa kukatia majani, ndo jina lilipotoka, na inaishi siku 10 mpaka 20 tu inavunjika. Zinazovunjika ndo zinaacha ile njano machoni na damu inakuwa pungufu siku zote, na zilizopinda zinaenda kukwama kwenye mishipa midogo, popote zinapokwama panapata maumivu makali. Vidole, mgongo, kifua, hata kichwani, na kichwani ni kiharusi, mtoto mdogo kabisa anapooza upande.

Halafu akasema jambo ambalo wenzangu kwenye kile chumba walilipita lakini mimi lilinikata miguu. Akasema mhakikishe anakunywa maji mengi sana kwa sababu akikaukiwa damu inapinda zaidi, na figo za hawa watoto hazishiki maji, kwahiyo atakojoa mara kwa mara, na usiku atakojoa kitandani pengine mpaka ukubwani, msimpige, hana uwezo wa kujizuia.

Nikaona chupa ya soda chini ya dawati. Nikaona daftari juu ya sketi. Mume wangu alidhani nalia kwa ajili ya Babu.

Kwa wasiojua naomba nieleze kidogo maana nimeshaona ndoa zikivunjika hapa. Selimundu hairushwi na mtu wala haiambukizi, mtoto anaipata kwa kurithi pande zote mbili. Mimi nina nusu, baba yao ana nusu, na mwenye nusu anakuwa mzima kabisa, analima, anacheza mpira, anaweza kuzeeka asijue. Huku Kanda ya Ziwa ni wengi sana, na Pwani hivyohivyo, sababu ni malaria, ile nusu inamkinga mtoto asizidiwe na malaria kali, kwahiyo vizazi na vizazi waliokuwa nayo ndo waliosalimika wakatuzaa sisi. Wenye nusu wawili wakioana, kila mimba bahati ni moja kati ya nne mtoto azaliwe na ugonjwa, mbili kati ya nne awe kama wao, moja kati ya nne awe huru kabisa. Na ni kila mimba upya, haina kusema huyu alishaumwa kwahiyo anayefuata atapona. Inakadiriwa kila mwaka Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 wa namna hii, tupo kwenye nchi za mwanzo duniani, na bado ukienda kwenye mtaa wowote utasikia huyo mtoto amerogwa, au mama yake alizini akiwa mjamzito.

Mama mkwe wangu alipoelezwa akasema neno moja tu, kwetu hakuna mtoto wa hivyo. Akageuka akaenda jikoni. Nilimchukia kwa hilo neno karibu mwaka mzima, nilikuwa namwamkia shikamoo mama, namwekea maji ya kuoga, lakini moyoni nimemfungia, maana nililisikia kama ananiambia ugonjwa umetoka kwenu. Hakuwahi kuja wodini hata siku moja. Ndugu wote wanakuja, majirani wanakuja na uji, yeye anabaki nyumbani na Dada, na mimi nikahesabu kila siku ambayo hakuja.

Usiku mmoja umeme umekatika tunachambua mchele wa kesho kwa mwanga wa simu, mimi na yeye tu, akaanza kuongea bila mimi kuuliza. Akasema nilizika wawili, kabla ya huyu mumeo. Geita, miaka ya themanini. Wa kwanza alivimba mikono hivyohivyo. Macho hivyohivyo. Wakasema degedege, wa pili wakasema manjano, wakasema mimi ndo nawala. Baba yao akaniambia nikizika wa tatu nirudi kwetu. Alikuwa anaongea na vidole haviachi kuchambua, anatoa kokoto anaweka pembeni, anatoa kokoto anaweka pembeni. Akasema mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ile siku mmeniambia habari ya Babu mimi nilisema hakuna kwa sababu sikutaka iwepo.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimsaidia kuchambua mchele ukaisha, tukalala.

Maisha na mtoto wa selimundu yana ratiba yake na wenye watoto hawa wanaijua kuliko mimi. Foliki, kidonge cha kusaidia mwili kutengeneza damu, kila siku. Penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, maana bandama ndo askari wa mwili na yao inachoka mapema, kijidudu kidogo kinaweza kumuua mtoto kwa siku moja. Chandarua. Maji ya kuoga ya uvuguvugu, sweta hata kama watoto wengine wako vifua wazi. Homa ikifika 38 hatusubiri kuche. Na kila jioni namuogesha, namkausha, namlaza chali, naweka vidole chini ya mbavu za kushoto napapasa. Kliniki walitufundisha. Bandama ikikaa sawa husikii kitu, damu ikianza kukwama humo ndani inavimba ghafla, mtoto anapauka ndani ya masaa, ukikuta imeshuka unakimbia. Niliikuta imeshuka mara moja, Babu ana miaka miwili na nusu, saa mbili usiku, ilikuwa vidole vitatu chini ya mbavu na ngumu kama ngumi ya mtu. Alitiwa damu usiku uleule na tukarudi naye nyumbani. Mpaka leo napapasa kila jioni, ana miaka 6, ananiambia mama nitekenye tena.

Sasa hivi anatumia haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, kinairudisha ile damu aliyotoka nayo tumboni, na maumivu yamepungua sana, wakati zamani tulikuwa tunalazwa kila mwezi siku hizi tunamaliza muhula mzima. Kama una mtoto na hujaambiwa habari zake, uliza kliniki yako, usione aibu.

Lakini nilitaka kuongelea ile miaka ya kulazwa kila mwezi, kwa sababu pale ndo nilijua watu, na nilijijua.

Nilikuwa napiga simu shule nasema leo siwezi kuja mtoto kalazwa. Mara ya kwanza wote wanakuambia pole sana. Mara ya tatu wanakuambia pole. Mara ya saba unasikia mtu anavuta pumzi kwenye simu kabla hajajibu. Stafu walianza kusema huyu madam kila mwezi mtoto anaumwa, mbona jana nimemwona huyo mtoto anakimbia nje. Na ni kweli alikuwa anakimbia. Selimundu iko hivyo, saa kumi jioni anacheza, saa nne usiku anapiga mayowe ameshika paja, kesho kutwa anacheza tena. Nikawa natembea na karatasi za hospitali kwenye mkoba, nikiitwa ofisini natoa karatasi, nikiulizwa na mwenzangu natoa karatasi. Nikajikuta nawaeleza watu nisiowataka habari za damu ya mwanangu, habari za mimba zangu, mpaka kama tutazaa tena au la, ili tu wanipe ruhusa ya siku moja.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati, mtu mkimya, hatukuwa hata na mazoea. Asubuhi moja nimetokea wodini moja kwa moja na kanga ileile ya usiku, nimekaa stafu natafuta pa kuanzia, akaja akachukua andalio la somo mezani kwangu akasema nenda madam, vipindi vyako ninavyo. Nikaanza kufungua mkoba nimtolee karatasi. Akasema sikuulizi, nenda.

Hilo neno nimekaa nalo miaka. Maana mimi yule binti nilikuwa namdai maelezo. Nilikuwa nasubiri anieleze vizuri ndo nimruhusu, mtoto wa miaka kumi, mbele ya watoto 133, aseme nini? Aseme mwalimu figo zangu hazishiki maji? Na mama yake alipokuja kusema, akasema kwa maneno aliyokuwa nayo, tatizo la damu, hayakunitosha. Siku hizi nikiona mtu anaomba kitu kidogo, ruhusa, siku moja, kiti kwenye daladala, kuchelewesha marejesho ya kikoba wiki mbili, nasikia jinsi tunavyoanza kumkagua kabla hatujampa, na ninajua kabisa kinachotokea ndani ya mtu anayekaguliwa, anachoka. Wengine wanaona bora waache kuomba. Wapo wanaoficha kwa sababu wakisema itaharibu, mama hataki mtaa ujue kwamba bintiye ana selimundu maana kesho nani atamuoa, baba hataki kazini wajue. Huwezi kuwadai hao waseme ndo uwahurumie.

Na nyumbani kwangu mwenyewe nililikosea hilohilo, baada ya yote hayo kunifika. Hii inaniuma kuliko ya shule.

Dada alikuwa na miaka saba. Ile miaka yote alikuwa mtoto mzuri, yaani mzuri kupita kiasi, anajivalisha, anafua soksi zake, anaenda kwa jirani kula tukiwa wodini. Kila mtu anamsifia, na mimi nikaona basi huyu hana shida. Usiku mmoja Babu kashikwa na miguu, tumempa dawa, namkanda na kitambaa cha maji ya moto, analia mpaka sauti imekauka. Dada akatoka chumbani kwake, akasimama mlangoni, akasema mama na mimi miguu inaniuma.

Nilimgeukia. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nikamwambia wewe usinianzie, huna ugonjwa wowote, umepimwa wewe ni mzima, kalale. Akasema inaniuma kweli mama. Nikamwambia muongo mkubwa wewe, mdogo wako anakufa hapa unamfanyia uongo. Nilisema anakufa. Mbele ya mtoto wa miaka saba na mbele ya Babu mwenyewe.

Baba yao ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekaa kwenye stuli, akanyanyuka, akaenda jikoni akarudi na beseni lingine na taulo, akamwambia Dada njoo. Akamkalisha kwenye kochi, akachovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamfunga mguu wa kulia, akasubiri lipoe, akachovya tena, akamfunga wa kushoto. Akauliza hapa? Dada anasema juu kidogo. Anasogeza. Hapa? Hapo hapo baba. Alimkanda zaidi ya nusu saa mtoto ambaye wote tulijua hana maumivu ya miguu, na wala hakumuuliza chochote zaidi ya kwamba hapa au hapa. Dada alisinzia mguu uko kwenye taulo.

Asubuhi nilimwomba msamaha Dada. Nilipiga magoti kabisa ili macho yetu yalingane, nikamwambia nilikosea, hukuwa muongo. Akaniuliza Babu atakufa? Nikamwambia anakunywa dawa zake, tunamlinda sote, mimi na baba na bibi na madaktari. Akaniuliza na mimi mnanilinda? Hilo swali ndo miguu yenyewe iliyokuwa inamuuma. Tangu hapo Jumamosi jioni ni yake, tunaenda wawili tu mpaka ufukweni, anakula sato wa kukaanga, ananihadithia mambo ya shule mpaka kiza kinaingia. Zipo Jumamosi hatuendi, Babu akizidiwa. Basi tunaenda Jumatatu.

Dada wa kazi niliyemfukuza nilimtafuta, nilimpata kupitia shangazi yake, anauza dagaa Kirumba siku hizi, ana mtoto wake. Nilimwambia ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mimi nilijua mama, nilijua sikumwangusha. Hakusema amenisamehe na sikumlazimisha aseme. Nanunua dagaa kwake.

Yule binti sijampata. Nilirudi kwenye rejista ya zamani, namba ya simu ya mzazi haipatikani. Nilienda mtaani kwao, chumba walichokuwa wamepanga kuna watu wengine, mama mmoja wa jirani akaniambia walihamia Sengerema kwa bibi yake. Sasa hivi atakuwa na miaka kumi na tisa. Nikiwa stendi au kivukoni nikaona binti mwembamba ana chupa kubwa ya maji huwa namwangalia macho.

Nikiwa zamu asubuhi za mvua, watoto wakiwa kwenye mchakamchaka na upepo wa ziwa unapiga, siku hizi nasema asiyejisikia kukimbia aje asimame hapa jikoni kwa mama anayepika uji. Wanakuja. Wengine wamejaa uvivu tu wanataka joto la moto, nawajua kwa sura. Wenzangu wananiambia madam unawadekeza, na ninawaelewa, nami nilisema hivyohivyo. Waraka wa mwaka 2002 unasema fimbo ni za mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na zisizidi nne, ila sote tunajua darasani mambo yanavyoenda, na nikikumbuka watoto niliowachapa kwa kulala darasani najiuliza wangapi walikuwa na damu pungufu, wangapi waliamka saa tisa kuchota maji, wangapi walilala macho usiku kuna kelele za baba na mama chumba cha pili. Fimbo niliiacha 2020. Darasa langu lina kelele zaidi kidogo kuliko la jirani.

Mlangoni kwangu kuna kibao. Baba Dada alinitengenezea kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mteja, ukubwa wa kiganja, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kabisa kisimchome mtoto, akatoboa tundu akapitisha kamba. Kinaning'inia kwenye msumari kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Anayetaka kwenda nje anachukua kibao anaenda, akirudi anakitundika. Haombi ruhusa, hanyooshi mkono, mimi naendelea kufundisha. Kibao kikiwa nje anayefuata anasubiri kirudi, na kama hawezi kusubiri anaenda bila kibao.

Wiki ya kwanza walikitumia vibaya, kilifika mpaka kwa muuza ubuyu. Wiki ya pili vilevile. Baadae wakakizoea.

Muhula huu kuna mtoto wa kiume, anakaa nyuma kabisa, anakichukua kila kipindi, saa zingine mara mbili. Macho yake meupe, mwili wake wa kawaida, hana chupa ya maji. Anatoka anakaa kule dakika tano, sita, anarudi kanawa uso. Sijamuuliza. Juzi alikirudisha kimelowa, nikakifuta na ncha ya kanga nikakitundika, tukaendelea na kugawanya kwa njia ndefu.